Michael Faraday: Mwana wa mhunzi aliyepima gesi itokayo majini

MICHAEL Faraday alifariki mwaka wa 1867, miaka 32 kabla ya reli kufika mahali palipokuja kuwa Nairobi, na zamani kabla ya Thika na Ruiru kuwa miji. Hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki, wala hakuwahi kuliona gari linaloendeshwa kwa petroli.

Hata hivyo, fundi yeyote wa gereji mjini Thika au Ruiru anayetumbukiza sahani za chuma ndani ya mtungi wa maji, kisha akaziunganisha na betri ya gari ili apate gesi ya haidrojeni ya kuingiza kwenye injini, anafuata nyayo za Mwingereza huyo. Faraday ndiye aliyegundua ni kiasi gani cha gesi hupatikana kwa kiasi gani cha umeme.

Hesabu hiyo, ambayo sasa inakaribia umri wa miaka 200, ndiyo inayoamua iwapo mwenye gari atapunguza gharama ya mafuta au atapoteza pesa zake.

Mtambo wenyewe si mgumu kuunda. Sahani za chuma kisichoshika kutu hupangwa karibu karibu bila kugusana, zikatiwa katika maji yaliyoongezwa kostiki soda au potashi ili yapitishe umeme vizuri. Waya mmoja huunganishwa na ncha chanya ya betri na mwingine na ncha hasi.

Umeme unapopita, maji hutengana. Viputo vya haidrojeni hutoka upande hasi na vya oksijeni upande chanya, na gesi hizo hupelekwa kwa mpira hadi kwenye njia ya hewa ya injini.

Vifaa vya aina hiyo vilivuma sana duniani mwaka wa 2008, wakati bei ya mafuta ghafi ilipopita dola 140 kwa pipa. Wauzaji waliahidi kwamba gari lingeenda mbali zaidi kwa lita ile ile ya petroli. Kwa mwenye matatu ya barabara ya Thika, ambaye kila jioni huhesabu kilichobaki baada ya kulipia mafuta, ahadi kama hiyo si jambo dogo.

Wazo la kutumia haidrojeni katika injini nalo si geni. Mnamo 1807, Faraday akiwa kijana wa kujalidi vitabu jijini London, Isaac de Rivaz wa Uswisi alikuwa tayari ameunda injini iliyochoma gesi hiyo. Kilichokosekana wakati huo ni mtu wa kupima.

Malezi ya dhiki

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791 katika kitongoji cha Newington Butts, kusini mwa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehama kutoka kaskazini mwa Uingereza kutafuta riziki mjini. Mzee huyo alikuwa mgonjwa mara kwa mara na kazi ya kufua chuma ikawa inamshinda.

Familia ilionja njaa. Wakati mmoja, bei ya chakula ilipopanda, kijana Michael alipewa mkate mmoja uliopaswa kumtosha wiki nzima.

Shule aliyopata ilikuwa ya kujua kusoma, kuandika na hesabu za kawaida tu. Hakuwahi kujifunza hisabati ya juu, na upungufu huo aliubeba hadi kaburini. Alichokuwa nacho ni mikono myepesi na macho yasiyochoka kutazama.

Akiwa na umri wa miaka 13 aliajiriwa na George Riebau, mwenye duka la vitabu, kama kijana wa kutumwa. Mwaka uliofuata, 1805, alifanywa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa muda wa miaka saba.

Wanagenzi wengine walishona kurasa bila kuzisoma. Faraday alizisoma. Makala kuhusu umeme katika ensaiklopidia iliyoletwa dukani kujalidiwa ilimvutia sana, na kitabu cha Jane Marcet kuhusu kemia kikamfungulia mlango wa pili. Kwa senti chache alizodunduliza alinunua chupa na vyuma vya kufanyia majaribio, akawa anathibitisha kwa mikono yake yale aliyoyasoma.

Tabia hiyo ya kutoamini hadi ajaribu mwenyewe haikumtoka maisha yake yote.

Mlango wa Davy

Mwaka wa 1812, mteja mmoja wa duka hilo alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri, katika taasisi ya sayansi ya Royal Institution jijini London. Davy alikuwa amejipatia sifa mwaka wa 1807 kwa kutumia umeme kutenganisha madini ya potasiamu na sodiamu, ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona yakiwa peke yake.

Faraday aliandika kila alichosikia, akachora michoro, kisha akaijalidi kazi hiyo kwa ustadi wake wa kiofisi na kumpelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi.

Machi 1, 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Alipewa mshahara mdogo na vyumba viwili vya kulala katika jengo hilo hilo. Miezi michache baadaye alifuatana na Davy katika safari ya Ulaya iliyodumu mwaka mmoja na nusu, ambako alikutana na wanasayansi wakubwa. Katika safari hiyo pia alilazimika kufanya kazi za mtumishi, na mke wa Davy hakumruhusu asahau kwamba yeye ni mtoto wa maskini.

Alistahimili. Mwaka wa 1821 alimwoa Sarah Barnard, muumini mwenzake katika kanisa dogo la Wasandemani. Hawakujaliwa watoto. Mwaka huo huo alionyesha kwamba waya wenye umeme unaweza kuizunguka sumaku bila kukoma, jambo lililokuwa mwanzo wa mota ya umeme.

Umeme wa Ruiru na Ndula

Ugunduzi uliombadilishia dunia sura ulifanyika Agosti 29, 1831. Faraday alizungushia nyaya mbili kwenye pete ya chuma, kila waya upande wake, akaona kwamba umeme ukiwashwa au kuzimwa katika waya wa kwanza, wa pili nao hushtuka kwa muda mfupi. Oktoba alisukuma sumaku ndani ya koili ya waya na umeme ukatokea. Baadaye mwezi huo alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku, akapata mkondo usiokatika.

Hiyo ndiyo iliyokuwa jenereta ya kwanza. Mambo mengi ya kila siku yalitokana na sahani hiyo, na baadhi yake yako karibu sana na wasomaji wa Kiambu na Murang'a.

Mwanzoni mwa karne ya 20, umeme wa kwanza wa Nairobi ulizalishwa kwa nguvu za maji ya Mto Ruiru. Mnamo 1925 kilifuata kituo cha Ndula katika Mto Thika. Katika vituo vyote viwili, maji yaliyoporomoka yalizungusha mitambo iliyofanya kazi kwa kanuni ile ile ya 1831.

Alteneta iliyo chini ya boneti ya kila gari ni mjukuu wa sahani hiyo pia. Kwa hiyo mtungi wa haidrojeni unapofungwa ndani ya gari, kazi mbili za Faraday hukutana, moja ya kuzalisha umeme na nyingine ya kuyatenganisha maji.

Sheria ya gesi

Kuyatenganisha maji kwa umeme hakukuanzishwa na Faraday. William Nicholson na Anthony Carlisle walifanya hivyo mnamo 1800, mwaka ambao betri ya Alessandro Volta ilijulikana. Kwa zaidi ya miaka 30, wengi walishangilia viputo bila kujua idadi yake inategemea nini.

Kati ya 1832 na 1834, Faraday alilifanyia kazi suala hilo kwa uvumilivu. Alibadilisha ukubwa wa sahani, umbali kati yake, ukali wa dawa iliyotiwa majini na nguvu ya betri. Kila mara alikusanya gesi katika mirija ya kioo yenye alama na kuipima.

Jibu lilikuwa lile lile. Kiasi cha gesi hufuata kiasi cha umeme uliopita, basi. Umeme ukiongezeka maradufu, gesi nayo huongezeka maradufu. Umbo la sahani au ujanja wa fundi hauwezi kuzidisha kiwango hicho hata chembe.

Aliiamini sheria hiyo kiasi kwamba alitengeneza chombo cha kupimia umeme kwa kuhesabu gesi iliyotoka majini. Kwa umbo, chombo hicho kinafanana sana na mitungi inayoundwa leo kwa ajili ya magari.

Ni katika kazi hiyo ambapo, kwa msaada wa msomi William Whewell, alieneza maneno ambayo wanafunzi wa Kenya huyakuta katika vitabu vya kemia, yakiwemo elektrodi, anodi, kathodi, elektroliti na ioni.

Kijiko kwa glasi

Sheria hiyo inapotumiwa kwa gari, matokeo yake ni ya kusikitisha kwa mwenye kutafuta nafuu.

Chukua mfano wa mtungi wenye seli sita zilizofuatana, unaovuta ampea 20 kutoka kwa umeme wa volti 14 wa gari. Kwa muda wa saa moja, kila seli haiwezi kutoa zaidi ya robo tatu ya gramu ya haidrojeni. Seli zote sita zitatoa gramu nne na nusu hivi.

Kawi iliyomo katika haidrojeni hiyo ni sawa na ile ya mililita 17 za petroli, yaani kijiko kikubwa kimoja na ushei.

Umeme uliotumika kuipata ni wati 280 kwa saa nzima, nao hutoka kwa alteneta inayozungushwa na injini. Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya kawi ya mafuta kuwa mwendo, na alteneta nayo hupoteza sehemu kubwa ya inachopokea. Ili kuzalisha umeme huo, injini italazimika kuchoma takriban mililita 200 za petroli za ziada.

Kwa maneno mengine, mwenye gari anatoa glasi ya petroli ili arudishiwe kijiko.

Wapo wanaosema kwamba alteneta inazunguka hata hivyo, na kwa hiyo umeme wake ni wa bure. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo usiku anajua ukweli. Taa ikiwashwa, pedali huwa nzito. Vivyo hivyo alteneta huilemea injini zaidi kila inapodaiwa umeme zaidi.

Wengine hudai kwamba haidrojeni kidogo huisaidia petroli kuungua vizuri. Lakini injini ya kisasa iliyo katika hali nzuri tayari huchoma karibu petroli yote inayoingia. Kawi hupotea zaidi kwa joto linalotoka na moshi na lile linalochukuliwa na rejeta, na mtungi wa haidrojeni hauwezi kulirudisha.

Meza zilizozunguka

Kama hesabu iko wazi hivyo, kwa nini watu waaminifu husema kwamba magari yao yamepunguza mafuta? Jibu linaweza kupatikana katika kisa kingine cha maisha ya Faraday.

Mwaka wa 1853, London ilivamiwa na mtindo wa kuzungusha meza. Watu waliketi kuizunguka meza, wakaweka mikono juu yake, na baada ya muda meza ilianza kusogea. Wengine walisema ni mizimu, wengine wakasema ni umeme, na jina la Faraday likawa linatajwa.

Hakuwadhihaki. Alitengeneza vibao vilivyolazwa juu ya vigurudumu vidogo, akaongeza kijiti chepesi cha kuonyesha mikono inaelekea wapi. Ilibainika kwamba washiriki wenyewe walikuwa wakiisukuma meza bila kujua. Walipokiona kijiti na kugundua wanachofanya, meza ilitulia. Matokeo hayo aliyachapisha katika gazeti la The Times.

Dereva aliyelipia mtungi wa haidrojeni naye ana mikono, na ana mguu. Akishatarajia kuokoa mafuta, hukanyaga kwa upole, hukagua upepo wa magurudumu na kuacha kukimbizana. Petroli hupungua kweli, lakini kilichoipunguza ni uendeshaji wake.

Njia ya kujua ni ile ya Faraday. Gari lijazwe tangi, lipite njia ile ile kati ya Ruiru na Thika likiwa na mzigo ule ule, mara nyingi, mtungi ukiwashwa siku nyingine na kuzimwa siku nyingine bila dereva kuambiwa. Daftari la vipimo hivyo ndilo litakalosema.

Asiyepima huweza kuangukia mikononi mwa matapeli. Nchini Marekani, Stanley Meyer alidai kuwa na gari lililoendeshwa kwa maji. Mwaka wa 1996 mahakama ya Ohio iliamua kwamba aliwalaghai wawekezaji wawili na kumwamuru awarudishie dola 25,000. Wataalamu walioukagua mtambo wake walikuta seli ya kawaida ya kuyatenganisha maji.

Hatari kwa fundi

Faraday alijua pia kwamba gesi haina huruma. Mwaka wa 1823, katika majaribio ya kuigeuza klorini na gesi nyinginezo kuwa majimaji, mirija ya kioo ililipuka zaidi ya mara moja na vipande vikamwingia machoni.

Fundi anayetaka kuuona mtungi ukifanya kazi, hata kwa ajili ya kujifunza, ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Haidrojeni na oksijeni zinazotoka pamoja ziko katika kipimo kile kile kinacholipuka kwa nguvu zote, na cheche moja yatosha. Kostiki soda huunguza ngozi na macho. Anayetumia chumvi ya kawaida badala yake hutengeneza klorini, gesi yenye sumu.

Mtungi mdogo nje ya nyumba, ukiwa na chupa ya maji ya kuuzuia moto usirudi nyuma, miwani ya kinga na mikono iliyovikwa glavu, humfundisha mwanagenzi mengi. Kuuficha chini ya boneti ya gari lililobeba abiria ni jambo jingine kabisa.

Aliyekataa ukuu

Kazi za kuwashauri wenye viwanda zilikuwa zimeanza kumletea Faraday pesa nyingi katika miaka ya 1830, lakini alizipunguza ili apate muda wa utafiti. Alikataa cheo cha uungwana cha Uingereza na pia kuwa rais wa chama cha wanasayansi cha Royal Society.

Alichokipenda ni kufundisha. Alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni na kuipa sifa ile ya Krismasi kwa ajili ya vijana. Katika mihadhara yake kuhusu mshumaa, iliyochapishwa kuwa kitabu mnamo 1861, aliwaonyesha watoto haidrojeni ikitoka majini na ikirudi kuwa maji ilipochomwa. Ndani ya mzunguko huo kuna somo lote la mtungi wa gari, kwa kuwa maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, na kuirudisha ilivyokuwa hudai kawi isiyopungua ile itakayotolewa ikichomwa tena.

Ugunduzi wake haukupotea bure kwa kuwa haufai chini ya boneti. Pale ambapo umeme wa jua, upepo au mvuke wa ardhini umezidi, kuyatenganisha maji ni njia ya kuuhifadhi au ya kupata haidrojeni ya kutengenezea mbolea. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya aina hiyo Septemba 2023. Mitambo hiyo mikubwa nayo huhesabiwa kwa sheria ya 1834.

Kumbukumbu yake ilidhoofika katika miaka ya mwisho. Tangu 1858 aliishi katika nyumba aliyopewa na Malkia Victoria huko Hampton Court, na humo ndimo alimofia Agosti 25, 1867, akiwa na umri wa miaka 75.

Hakutaka kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wafalme na mashujaa. Alizikwa katika makaburi ya Highgate jijini London, chini ya jiwe la kawaida lenye jina lake na tarehe zake.